Shamba Lililotafuna Mchana

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa shamba jeupe, na si kwa maua. Sogeeni. Wewe unayecheka hapo nyuma, utanyamaza mwenyewe.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chenye shamba moja kubwa. Jembe lilikuwa mwiko humo. Walisema chini amelala mtu, asiamshwe. Basi watu wakamwaga mbegu juu juu, wakaenda zao. Miaka nenda miaka rudi, ardhi ikakakamaa, chumvi ikapanda, ikatanda nyeupe kama sanda. Mbegu zikafa. Na jua likifika utosini, shamba lilisikika: kwacha, kwacha, kwacha. Linatafuna!

Jumbe akasema, "Tuhame kabla hatujaliwa sisi."

Kikongwe mmoja, Bi Sikujua, akamtazama binti yake Pili. Pili alikuwa na mimba changa, na mbili za kabla ziliharibika. Safari ingeitoa na hii.

"Jumbe, ngojeni mvua moja tu," kikongwe akasema. "Kinachotafuna kina njaa. Mwenye njaa hakimbiwi, hulishwa. Nitachimba, nikilishe."

"Ukipiga jembe utamezwa!"

"Nimezwe. Nimekula chumvi nyingi, nayo inile."

Akaenda peke yake, mchana kweupe. Ti! Gamba likapasuka. Pumzi baridi ikatoka ardhini, ikampanda miguuni. Aliogopa, jamani, aliogopa sana. Lakini alichimba. Akatia samadi ya mbuzi, makapi ya mtama, majani makavu, akachanganya na udongo.

"Haya, kula." Ti! "Kula." Ti! "Kula."

Mvua ikanyesha. Zamani maji yalituama juu. Safari hii yakashuka: gubu, gubu, gubu, kama mtu anakunywa! Yakaishusha chumvi chini kabisa. Mtama ukaota. Ulikuwa haba, lakini Pili alipojifungua, uji ulikuwapo.

Bi Sikujua alipokaribia kufa akasema, "Nizikeni katikati ya shamba. Msinijengee kaburi. Limeni juu yangu, na mnilishe."

Wakalima. Na kila mwaka, jua la utosi, sauti ya kikongwe iliuliza kutoka chini: "Mmeleta?"

"Tumeleta, bibi," walijibu, wakamwaga samadi.

Mwaka mmoja walishiba, wakasahau. Sauti haikuuliza. Asubuhi wakakuta weupe umerudi, katikati tu, umbo la mtu aliyelala.

Walikimbilia mazizini bila kuambizana!

Ardhi hulishwa ndipo ilishe, wanangu. Hadithi yangu imefika mwisho wa tuta. Mkipita pale, msipite mikono mitupu.