Hakimu wa Ndani ya Kanzu

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko miji ya kutawala, mji wa Kizimbwe ulikuwa na sultani aitwaye Ngwali, mtu wa haki, mwenye sauti nzito na ndevu za kupendeza, ambaye Mwenyezi Mungu alimjaalia kila kitu ila tumbo. Tumbo lake lilikuwa dhaifu kama la mtoto mchanga. Akila samli lilimkata, akila mafuta lilivimba, na akila vya kukaanga lilinguruma hata walinzi wa mlangoni wakatazamana.

Na kwa bahati mbaya yake, Kizimbwe palikuwa na desturi ya sinia za heshima. Kila asubuhi kila nyumba kubwa ilimpelekea Sultani sinia ya kifungua kinywa: mahamri, sambusa, maini ya kukaanga, mkia wa kondoo uliojaa shahamu. Ikawa ni lazima Sultani atie mkono katika kila sinia, ale japo tonge moja, kwani nyumba ambayo sinia yake haikuguswa ilijihesabu imetukanwa. Babu yake Sultani aliwahi kuiacha sambusa moja, ikamletea vita vya miaka mingi. Basi Sultani alikula, akajipangusa mkono, akala tena, na mwisho kabisa ndipo ulipoletwa uji wa mpishi wake Mize, ukakuta hakuna pa kuingilia.

Siku moja akaja mjumbe wa nchi jirani. Baraza limejaa, mjumbe anasoma salamu za bwana wake, mara tumbo la Sultani likalia, tena kwa mlio mrefu wenye kupanda na kushuka. Sasa, katika nchi zile siwa, lile baragumu la mfalme, ikipigwa kila mtu husimama. Mjumbe yule mgeni akadhani ni siwa. Akasimama wima, akainamisha kichwa. Na kwa kuwa mgeni akisimama wenyeji hawakai, mawaziri wakasimama, makadhi wakasimama, na baraza zima likatoa heshima kwa maini ya kukaanga.

Sultani aliona haya hata akatamani ardhi impasukie. Mjumbe alipotoka barazani, Sultani akauliza kwa ghadhabu, "Nani amenifedhehesha?"

Waziri Badrani, ambaye maini yale yalitoka nyumbani kwake, akajibu upesi, "Bwana wangu, ni nani mwingine ila mpishi?"

Mize akatiwa gerezani siku ile ile, ikapigwa mbiu kwamba atafukuzwa mjini asirudi tena.

Mize huyu alikuwa na mdogo wake aitwaye Faki, asiye na shamba wala ng'ombe, mwenye kanzu moja ambayo viraka vyake vilikuwa vingi hata haikujulikana kitambaa cha asili kilikuwa kipi. Watu walimwita mpumbavu kwa kuwa alifanya hasa alivyoambiwa. Aliwahi kuambiwa awafukuze kunguru shambani, akawafukuza hadi mji wa pili, akarudi baada ya wiki akiuliza kama awafuate zaidi. Lakini mpumbavu au si mpumbavu, Mize ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na Faki aliposikia ile mbiu alilia barabarani mbele za watu bila kujificha. Kisha akajifuta machozi kwa kiraka kilichokuwa karibu, akaenda barazani.

"Bwana wangu Sultani," akasema, "dada yangu hana kosa. Uji wake ni wa maji na mchele, nao haujui kupiga siwa."

Baraza likabana kicheko. Sultani, ambaye jeraha lake lilikuwa bichi, akafoka, "Ewe Faki! Ikiwa wajua sana, nipikie wewe. Nataka kifungua kinywa kitakachonipa nguvu za mtu aliyekula ng'ombe, nacho kisiwe na mafuta ya kulainisha hata sindano. Na sinia za watu nisiikatae hata moja, maana sitaki vita. Tena atakayeamua si ulimi wangu wala si mawaziri wangu. Hakimu ni tumbo langu. Likinyamaza, Mize yu huru. Likisema, mtatoka mjini wote wawili."

Waziri Badrani akatabasamu ndani ya ndevu, kwani aliliona jambo lenyewe halina mlango. Sinia zikiliwa, tumbo litasema. Zisipoliwa, ni vita.

Faki akakuna kichwa. "Hakimu ni tumbo?"

"Ndilo."

"Na hukumu yake itafuatwa?"

"Itafuatwa na kila mtu, kuanzia mimi."

"Nalo litaamua kwa sheria za baraza lako hili?"

Sultani, ambaye hakuna alichojivunia kama sheria za baraza lake, akasema, "Kwani mji huu una sheria nyingine?"

"Hewalla, bwana wangu," akasema Faki, akatoka akitabasamu, na Waziri akaona ni lile tabasamu lake la kila siku la upumbavu.

Sasa Faki hakujua kupika. Akaenda nyuma ya gereza, akasimama chini ya kidirisha, akamwita dada yake na kumweleza yote.

"Wewe upike?" Mize akasema kutoka ndani. "Umewahi kupika nini, wewe?"

"Nimewahi kuunguza."

"Basi sikiliza, na usiongeze akili yako hata chembe. Chukua mayai uyachemshe. Ute ubaki, viini vitoe. Chukua samaki mweupe, changu au tasi, mchemshe kwa maji na tangawizi, bizari kidogo, chumvi kidogo. Usikaange, Faki! Ukisikia kitu kinachacharika, ujue umeharibu. Pika uji wa mchele mwepesi. Na mtindi uliokwisha kutolewa siagi, kikombe kimoja. Basi."

"Na viini vya mayai nifanye nini?"

"Fanya utakavyo."

Faki akavila vyote, na hayo ndiyo maelekezo aliyoyafuata kwa furaha kuliko mengine.

Kulipopambazuka alikuwa wa kwanza mlangoni pa Sultani, bakuli zake zimefunikwa kawa. Nyuma yake wakaja watumishi na sinia za nyumba kubwa, zinanukia, zinameremeta kwa samli, na wa mbele yao alikuwa Waziri Badrani mwenyewe na maini yake. Sultani akaketi. Watumishi wakainuka ili waingie wote kwa pamoja, kama ilivyo desturi. Faki akasimama kizingitini, akatandaza mikono.

"Taratibu, jamani! Hakimu yuko barazani. Tangu lini watu wakamwingilia hakimu kwa mkupuo, kila mmoja akisema lake? Bwana wangu, sheria ya baraza lako yasemaje?"

Sultani akajibu bila kufikiri, maana sheria ile aliitunga mwenyewe, "Kila mwenye shauri husikilizwa peke yake. Hutangulia aliyetangulia kufika. Wengine hungoja nje."

"Na anayengojeshwa nje, je, amekataliwa?"

"La. Ana zamu yake."

"Na kwa siku moja hakimu husikiliza mashauri mangapi?"

"Moja," akasema Sultani, "ili asikilize vizuri." Na aliposema hivyo macho yake yakaanza kumetameta, kwa kuwa alikwisha kuona anakopelekwa.

"Basi sinia hizi zote zina mashauri," akasema Faki, "wala hakuna iliyokataliwa. Zikae ukumbini kwa heshima zingoje zamu zao. La kwanza ni langu."

Waziri akapiga kelele, "Yangu itangulie! Mimi ni Waziri!"

"Barazani pangu hakuna waziri wala maskini," akasema Sultani, na akajikuta amelipenda neno lake. "Lete bakuli zako, Faki."

Akala ute wa mayai, akala samaki, akanywa uji, akateremshia kwa mtindi. Kisha baraza zima likanyamaza likimsikiliza hakimu. Wakangoja. Faki alimfikiria Mize mle gerezani, na kila kiti kilipolia aliruka. Lakini tumbo la Sultani lilikaa kimya kana kwamba limelala. Sultani akainuka, akaenda kukagua ukuta wa mji, akazipanda ngazi zote za mnara bila kupumzika, na Waziri Badrani akimfuata nyuma anahema, anashika ukuta. Hadi adhuhuri Sultani hakuuliza chakula.

"Hakimu amenyamaza," akasema Faki. "Bwana wangu, nipe dada yangu."

Waziri, kanzu yake imelowa jasho, akasema, "Haiwezekani! Hakimu gani huyo anayetoa hukumu baada ya kusikiliza upande mmoja?"

Sultani akasita, kwani neno lile lilikuwa la sheria. Akamtazama Faki kwa huruma. Moyoni alimtakia heri, lakini hakutaka kuivunja sheria yake kwa ajili ya staftahi.

Faki akainamisha kichwa kama aliyeshindwa. "Waziri amesema kweli. Kesho na asikilizwe yeye, tena peke yake, mbele ya watu wote, asije akasema ameonewa. Nasi tutafuata atakalosema hakimu."

"Nakubali!" akasema Waziri, akaenda nyumbani kuamuru samli iongezwe.

Asubuhi iliyofuata baraza lilifurika. Yule mjumbe wa nchi jirani, aliyekuwa bado mjini, naye alialikwa. Sinia ya Waziri ikaingia peke yake, maini yakielea ndani ya samli, mkia wa kondoo ukitikisika pembeni. Sultani akaitazama kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda, lakini sheria ni sheria. Akala. Waziri akasimama mbele yake, mikono nyuma, akitazama watu kwa fahari.

Hakimu hakukawia. Kwanza alikohoa kidogo. Kisha akafungua kinywa, akatoa hukumu ndefu, ya kupanda na kushuka, iliyofika hadi kwenye nguzo za mlango. Mjumbe wa nchi jirani akasimama wima, akainamisha kichwa. Baraza zima likasimama. Na Waziri Badrani, aliyekuwa amekwisha simama, alipoona watu wote wameinama akainama pia, akaitolea heshima hukumu iliyomshinda.

"Mmesikia wenyewe," akasema Faki. "Kwa bakuli zangu hakimu alinyamaza, na kwa maini amemtaja mwenye kosa. Tena Waziri ameipokea hukumu kwa adabu."

Sultani alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka hadi akajishika mbavu, na tumbo lake likacheka kwa sauti yake lenyewe, mjumbe akasimama mara ya pili, na hapo ikawa hapana aliyejizuia. Waziri akachukua sinia yake mwenyewe, asiungoje mkono wa mtumishi, akatoka kwa mlango wa uani.

Mize akafunguliwa saa ile ile. Alipoingia barazani, Faki alimkumbatia akalia kwa sauti kama siku ya mbiu. Mize akamshika masikio yote mawili. "Nimesikia uji wako ulikuwa na madonge," akasema, naye machozi yanamtiririka.

Sultani akaamuru tangu siku ile bakuli za Mize ziwe na shauri la kudumu, lisikilizwe kila asubuhi kabla ya yote, na sinia za heshima zingoje ukumbini zamu yao, ambayo kwa kuwa hakimu husikiliza shauri moja tu kwa siku, mpaka leo haijafika. Wala hapakuwa na vita, maana hapana aliyekataliwa.

Kisha akamgeukia Faki. "Nawe, omba utakacho."

Faki akatupa jicho ukumbini, ambako mahamri, sambusa na mikia ya kondoo vilikuwa vimepangwa kwa safu, vinangoja.

"Bwana wangu, mashauri yale yatachoka kungoja. Niruhusu kila siku niwaite maskini wenzangu tuyasikilize sisi."

"Na matumbo yenu je? Hayataniletea kelele nyingine?"

"Usiwe na shaka, bwana wangu," akasema Faki, huku amekwisha kukunja mikono ya kanzu yake ya viraka. "Lako ni hakimu. Yetu hayajawahi kupata kesi."