Mfungo wa Vinu

"Kinu kikilia nyumbani, ngao haichoki mlimani."

Bibi Nakijwa aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kwenye ungo wa karanga. Vijana wa kata walikuwa wamejaa barazani kwake, wakifunga vifurushi vya kuwapelekea wanajeshi waliokuwa wakilinda mpaka: karanga, sabuni, soksi na kadi za salamu. Mmoja wao alikuwa amelalamika kwamba askari ana bunduki, ana posho na ana mpishi wake, sasa kadi ya salamu itamfaa nini? Ndipo bibi akamjibu kwa methali hiyo. Vijana walikuwa wameisikia kwa wazee mara nyingi, lakini hakuna aliyejua ilikotoka, wakamwomba awaeleze. Bibi akasema chanzo chake anakijua kama anavyojua njia ya kisimani, ila wasiache kufunga vifurushi, kwa kuwa masikio hayafungi kamba. Kisha akawasimulia.

Zamani sana, kabla ya barabara na kabla ya shule, watu wa Vughwe waliishi bondeni, wamezungukwa na milima. Ng'ombe walikuwa nao, migomba walikuwa nayo, na mwenye navyo hakosi maadui. Wavamizi walitokea nyikani, na njia ya kuingilia ilikuwa moja tu, kwenye mwanya wa mlima uitwao Kileti. Kila msimu wa ukungu, wavamizi walipopata pa kujificha, wanaume wenye nguvu walichukua ngao zao wakapanda kuulinda mwanya ule, wakakaa huko mpaka ukungu uishe.

Sasa watu hao walikuwa na desturi waliyoiita mfungo wa vinu. Wanaume wakishapanda, kila mwanamke alikipindua kinu chake mdomo chini na kuuficha mchi darini. Hakuna kutwanga, hakuna kuimba, hakuna vigelegele hata mtoto akizaliwa. Watu walikula makande ya mahindi yasiyokobolewa, na wazee wasio na meno walimeza punje nzima nzima kama dawa. Wanawake walipeleka chakula cha walinzi mpaka kwenye jiwe moja chini kidogo ya mwanya, wakakiacha hapo, wakageuka bila kuita wala kusalimu. Walisema sauti ya nyumbani hulegeza moyo wa mwanamume. Msidhani walikuwa watu wagumu, wajukuu zangu. Waliyafanya hayo kwa mapenzi. Waliona kwamba kuchangamka nyumbani wakati mwenzako analala kwenye baridi ni kumdhihaki.

Katika bonde hilo aliishi mwanamke aliyeitwa Nakiete, ambaye watu walimwita mama Senzighe kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mumewe, Sangiwa, alikuwa mlimani pamoja na mdogo wake, Kirigha. Nyumbani Nakiete alibaki na watoto na baba mkwe wake, mzee Mghanga. Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwangalizi wa mfungo. Akisikia mchi umegonga mahali, hata kama ni mtoto anacheza, alichukua fimbo yake na kwenda kuuliza.

Mwaka huo ukungu ulikaa kuliko kawaida. Kutoka bondeni mlima haukuonekana, na kutoka mlimani bonde halikuonekana. Nakiete aliendelea kupeleka kapu la makande kwenye jiwe kila ilipofika zamu yake. Kisha siku moja akalikuta kapu la mwenzake wa jana yake liko palepale, limejaa, makande yamechacha. Akaweka lake, akarudi nyumbani. Zamu yake ilipofika tena akalikuta nalo halijaguswa ila kidogo pembeni, kama vile mtu alionja akaghairi. Mtu mwenye njaa asiyekula ana jambo, na hilo Nakiete alilijua kwa kuwa alikuwa amelea watoto. Desturi ilimtaka ageuke. Hakugeuka. Akakaa nyuma ya jiwe, akajifunika kaniki yake, akasubiri.

Kulipopambazuka vizuri akatokea Kirigha, anaburuta ngao kwa mkanda wake. Mlinzi haburuti ngao, huibeba. Nakiete alipojitokeza, Kirigha hakushtuka wala hakufurahi. Alimtazama tu, kisha akaketi.

"Shemeji, mbona hamli?" Nakiete akamuuliza. "Mnaumwa?"

"Hatuumwi."

"Kaka yako yuko wapi?"

"Yuko juu, anazungumza na wenzake. Anawaomba wakae. Hawamsikilizi tena." Kirigha akachukua punje ya hindi, akaigeuzageuza kidoleni. "Chakula kinaletwa, shemeji, siwezi kukataa. Lakini hata mbwa huwekewa chakula. Tunakikuta juu ya jiwe, kimepoa, hakina salamu. Tukitega masikio, bonde limenyamaza. Hakuna kinu, hakuna mtoto, hakuna anayecheka. Vijana wanasema tunalinda makaburi."

"Tunanyamaza kwa ajili yenu," Nakiete akasema.

"Basi mmenyamaza mpaka tumekufa. Tumeshakubaliana. Ukungu ukipungua tu, tunashuka. Kila mtu atafute pa kwenda na watu wake."

Nakiete alifahamu maana yake. Ukungu ukipungua, wavamizi nao hupanda kujaribu bahati yao ya mwisho. Walinzi wakishuka, mwanya utabaki wazi, na kufika jioni ng'ombe na watoto wa Vughwe watakuwa njiani kwenda nyikani. Alimsihi shemeji yake akae siku moja zaidi. Kirigha hakuahidi. Aliinuka akaenda zake, na kapu akaliacha.

Aliporudi bondeni Nakiete hakupita kwa jirani wala hakunywa maji. Alimwendea baba mkwe wake, akapiga magoti, akakiri kwamba ameongea na mlinzi, akamweleza aliyoyasikia. Mzee Mghanga alimwinua akamketisha kando yake. Hakumkaripia. Alimwambia habari ambayo Nakiete alikuwa ameisikia nusunusu kwa wengine, lakini hajawahi kuisikia kinywani mwake. Alikuwa na mtoto mwingine mkubwa kuliko Sangiwa. Mwaka mtoto huyo alipopanda kulinda, watu wa Vughwe walikuwa bado hawana mfungo. Walinzi walikuwa mlimani, na nyumbani kulikuwa na ngoma ya mavuno. Yeye mwenyewe alikuwa katikati ya uwanja anacheza, jasho linamtoka, wakati watu walipoingia wamebeba maiti kwenye machela. Alikuwa anacheka mpaka walipomtua mtoto mbele yake. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna mzazi atakayekutwa tena na aibu ile, na yeye ndiye aliyewaomba wazee waweke mfungo.

"Kwa hiyo usiniombe hilo, mama Senzighe," akamaliza. "Niombe jingine."

Nakiete alimhurumia kwa dhati. Machozi yalimlengalenga, akamshika mzee mikono. Lakini huruma haizibi mwanya. Akatoka nje, akakiinua kinu chake kikakaa wima, akaushusha mchi darini, akamimina mahindi na kuanza kutwanga.

Kinu chake kilikuwa cha mti mgumu, kinene chini, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya vinu vyote vya bondeni. Baada ya ukimya wa siku zote zile, ilisikika kama mlango unagongwa kwa nguvu. Majirani walichungulia milangoni mikono ikiwa midomoni. Mama mmoja akawaita watoto wake ndani. Nakiete alitwanga peke yake, na kutwanga peke yako kunachosha haraka, kwa kuwa mchi hupenda wawili wapokezane. Hata hivyo akaendelea.

Mzee Mghanga akatoka na fimbo yake. Hakuinua fimbo. Alinyoosha mkono akaushika mchi ukiwa hewani.

"Unamtwangia nani?" akamuuliza. "Unataka nami niletewe mtoto mwingine wakati watu wanatwanga?"

"Ninamtwangia mwanao, baba," Nakiete akajibu, huku anahema. "Yule wa kwanza alikufa anasikia ngoma ya kwao. Alijua anamlinda nani. Huyu yuko juu hasikii chochote. Akifa leo, atakufa akidhani tumemsahau."

Mzee hakuuachia mchi. Wakasimama hivyo, wameushika wote wawili, na bonde likarudi katika ukimya wake.

Ndipo sauti ikashuka kutoka ndani ya ukungu. Mwanzoni ilikuwa moja, kavu, ya mpini wa mkuki ukigonga ngao ya ngozi. Ikafuata ya pili, kisha zikaja nyingi kwa pamoja mpaka mlima mzima ukawa unavuma. Halafu zikanyamaza. Hata mtoto angejua kwamba zimenyamaza kusubiri jibu.

Mzee Mghanga akauachia mchi.

"Twanga, binti yangu," akasema. "Wanakuuliza."

Nakiete akatwanga. Mzee akashika fimbo yake akaenda mlango kwa mlango, yeye aliyekuwa akienda kuwanyamazisha watu, sasa akiwaambia wanawake watoe vinu vyao. Wengine hawakuamini, wakadhani anawapima. Kwa mmoja aliyesitasita aliingia mwenyewe akaushusha mchi darini, jambo ambalo mwanamume wa Vughwe hakuwahi kulifanya, akamwekea mkononi. Kufika mchana vinu vya bonde zima vilikuwa vinalia, na kila baada ya muda ngao zilijibu. Wanawake wakaanza na nyimbo. Waliwaimba wanaume wao kwa majina, wakawatania pia: huyu anayekoroma, yule aliyekimbizwa na bata, mwingine aliyeahidi kuezeka nyumba akapanda mlimani kukwepa kazi. Walicheka huku wanalia. Kapu lililopelekwa siku hiyo lilikuwa na ugali wa moto na mboga, na aliyelipeleka aliita salamu za kila nyumba mpaka sauti ikamkauka. Lilirudi tupu, limepanguswa.

Siku iliyofuata ukungu ulipungua, na wavamizi walikuja kweli, wengi kuliko miaka yote. Walinzi hawakushuka. Wanawake waliona vumbi likitimka kwenye mwanya na kusikia makelele, wasijue nani anamwelemea nani. Nakiete alitamani kukimbia kwenda kuangalia. Aliogopa mpaka akashindwa kuimba. Mchi hakuuacha. Alijiambia kwamba akiacha yeye, Sangiwa atasikia kwamba ameacha. Walitwanga mahindi yakawa unga, na unga ukawa vumbi, na bado wakatwanga, wakipokezana, mpaka makelele ya juu yalipokwisha na ngao zikasikika tena.

Walinzi waliposhuka, walikuwa wachache kuliko walivyopanda. Wawili walibebwa kwenye machela, wakapokewa na mama zao kwa kilio, na bonde zima likalia nao. Sangiwa alikuja kwa miguu yake, mkono mmoja umefungwa kwa majani. Nyuma yake alikuwa Kirigha, ngao begani. Mzee Mghanga aliwashika wanawe mmoja mmoja kana kwamba anahakikisha wamekamilika, kisha akamuuliza Kirigha swali lililokuwa likimsumbua: yeye aliyekuwa amekwishakata tamaa, ni nini kilichomzuia asishuke?

Kirigha alitazama viganja vya Nakiete. Vilikuwa vimechubuka na kufungwa vitambaa.

"Baba, mkono uliniisha nguvu katikati ya vita," akasema. "Niliona ngao inashuka yenyewe. Lakini nilikisikia kinu cha shemeji. Nikafikiri, yule ametwanga tangu jana, naye hajachoka. Mimi ni nani nichoke? Nikainyanyua." Kisha akaongeza maneno ambayo watu wa Vughwe waliyashika, wakawapa watoto wao, nao wakatupa sisi:

"Kinu kikilia nyumbani, ngao haichoki mlimani."