Maji ya Samaki wa Ghorofa ya Tatu

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na mwenye simu aizime, maana mfano wenyewe ni mfupi na sitaurudia.

Kulikuwa na bwana mmoja, mstaafu, aliyekuwa akiishi ghorofa ya tatu. Watoto wake walikuwa wameshaondoka nyumbani. Sebuleni alikuwa na tangi la kioo, urefu wake kama hatua mbili, na ndani yake samaki wa mapambo kumi na wanne. Aliwapenda. Si kosa kupenda samaki. Wengine wetu humu ndani tunapenda vitu vibaya zaidi, na tunajuana.

Sasa, samaki wa namna ile huwezi kuwafungulia maji ya bomba moja kwa moja. Maji ya mjini yana dawa, na dawa hiyo inayolinda matumbo yetu sisi inawaua wao. Lazima uyakinge kwenye pipa, uyaache wazi siku nzima dawa itoke, ndipo uwabadilishie. Na mtaa ule maji yalikuwa ya mgao. Yalitoka mara mbili kwa wiki, saa ya kutoka haikujulikana na mtu. Ukiyakosa, tangi linachafuka. Ukiyakosa tena, unaanza kuokota samaki wanaoelea ubavu.

Bwana yule akafanya nini? Akafanya kile ambacho nusu yenu mmekiacha nyumbani asubuhi hii. Alitumbukiza mpira wa maji kwenye pipa, akafungua koki wakati haitoi hata tone, akaenda zake. Maji yakija, yatajijaza yenyewe. Namwona mama mmoja pale nyuma ameshika kichwa. Mama, kama ndivyo, wewe nenda tu, Mungu atakuelewa.

Basi, maji yalikuja na pipa likajaa. Lakini likishajaa, nani anayaambia maji yaache? Bwana yuko kwa rafiki yake anacheza drafti. Akirudi anakuta pipa linabubujika na sakafu imejaa maji mpaka mlangoni. Anafunga koki, anakimbilia dekio, na kabla hajafika hata nusu ya sebule, maji yenyewe yameshatoweka. Alishangaa, akafurahi. Akawa anawasifia waliojenga lile jengo: "Sakafu yangu hii inakunywa maji jamani, acha tu." Ikatokea mara ya kwanza, ya tatu, ya sita. Kila mara sakafu ilikauka, na kila mara alishukuru.

Niwaulize. Maji yanayopotelea kwenye sakafu ya ghorofa ya tatu huenda wapi? Mtoto wa chekechea atakujibu. Lakini bwana yule, mtu mzima, aliyekaa ofisini miaka thelathini akiheshimiwa, hakuwahi kujiuliza. Swali hilo huwa halimjii aliye juu.

Chini yake, ghorofa ya pili, alikaa mama mmoja na mama yake mzazi. Huyo bibi alikuwa amepigwa na kiharusi, hawezi kujigeuza kitandani mpaka ashikwe. Daktari alikuwa ameonya jambo moja: kifua chake kisipate baridi, kikipata baridi hatutakuwa naye. Jengo zima lilijua habari hiyo. Bwana wa samaki naye aliijua. Wakikutana ngazini alikuwa haachi kuuliza, "Bibi anaendeleaje?" Na yule mama humjibu, "Tunashukuru, jirani."

Ikafika Jumamosi, zamu ya jumuiya kusali kwa yule mama. Mnajua tunavyozunguka nyumba kwa nyumba. Wakaja watu kumi na mmoja, wengine wakakaa kwenye viti, wengine kwenye mkeka. Kitanda cha bibi kilikuwa palepale sebuleni, na hakuna aliyeuliza kwa nini hakiko chumbani. Walisali, wakaimba, wakafika kwenye ushuhuda. Bwana wa samaki akasimama.

"Mimi namshukuru Mungu kwa kunilinda," akasema. "Mwaka huu maji ya samaki wangu yamemwagika mara saba. Saba! Na sijapoteza hata zulia. Yanamwagika, yanakauka yenyewe. Nani kama Mungu?"

Wakaitikia amina.

Kule kitandani, bibi, ambaye kiharusi kilimwachia nusu ya mdomo, akasema polepole, "Kumbe ni ya samaki? Mimi nilijua ni ya choo."

Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha akaacha. Watu wakatazama juu, na bwana naye akatazama juu. Dari ilikuwa imevimba na kupiga weusi kutoka ukuta hadi ukuta. Kitanda kilikuwa kimesukumwa kwenye kona pekee iliyobaki, na hata hiyo haikuwa kavu sana, kwa sababu miguuni pa bibi paliwekwa beseni, na juu ya blanketi lake kulitandazwa kitambaa cha mezani cha nailoni.

Bwana akamgeukia yule mama. "Jirani, mbona hukuja kuniambia?"

"Nilikuja," akasema yule mama. Hakupaza sauti. "Nilikuja mara mbili. Mara ya kwanza ulinikaribisha, ukanionyesha samaki wako mmoja mmoja, nikaona jinsi ulivyofurahi, nikashuka. Mara ya pili nilikwambia, jirani, haya maji. Ukanijibu, usijali mama, yameshakauka."

Jumatatu yake bwana alileta fundi. Akamfungia boya kwenye pipa: maji yakipanda, boya linapanda nayo, likifika juu linaziba njia. Kazi ilichukua nusu saa. Tangu siku hiyo pipa lile halikumwaga tena hata tone. Nusu saa, ndugu zangu, baada ya mara saba.

Na bibi? Kifua kilikuwa kimeshapata baridi. Baada ya wiki mbili jumuiya ilirudi kwenye nyumba ile ile, na safari hiyo ilikwenda msibani.

Naona mmeshamhukumu yule bwana. Mwacheni kwanza. Tuje kwetu sisi.

Unamfokea binti wa kazi asubuhi mbele ya watoto. Kufika saa nne umesahau, unaimba jikoni, unamwita umpe chai. Kwako yamekauka. Je, kwake? Unasema maneno juu ya mwenzako kazini, maneno madogo tu, kisha unakuja hapa unatubu, unalia kidogo, unatoka mwepesi. Mungu amekusamehe, sibishani na hilo. Lakini yule mtu bado wanamtazama kwa jicho la pembeni, na wewe umeshatoa sadaka ya shukrani. Ni nani aliyetufundisha kupima amani kwa kupapasa sakafu yetu wenyewe? Tunasimama hapa mbele kushuhudia kwamba Mungu ametuepusha na hasara, kumbe hasara ipo, ina mwenyewe, na mwenyewe amekaa mstari wa tatu anatuitikia amina.

Na msiniambie kwamba aliyeumizwa angesema. Wamesema. Mimi mwenyewe niliambiwa na mtu, mwaka jana, mlangoni mwa kanisa hili, nami nikamjibu kwa tabasamu na kumwombea safari njema. Mpaka leo naona aibu. Watu huja kwetu na maneno mawili tu, kwa upole, kwa sababu wanatuheshimu, au wanatuhurumia, au wanatuogopa. Maneno mawili hayo tunayafunika kwa ukarimu, tunawapa soda, tunawasindikiza.

Wimbo wa mwisho hatuimbi leo. Dakika hizo tano nawapa ninyi. Kila mmoja amtafute mtu mmoja anayeishi chini ya uamuzi wake, mke, mume, mtoto, dobi, karani, yeyote yule, amuulize swali moja: "Kuna kitu changu kinachokuangukia?" Akianza kujibu, usijitetee, na usimwambie kwamba jambo hilo lilishakwisha. Nyamaza mpaka amalize.

Nendeni, mnasubiriwa.