Wivu wa Malenga wa Vita

Paukwa! Itikieni pakawa, kisha mtulie.

Malenga Shebwana alisifu vita, vijana wakashika mikuki. Bi Mwanaesha alimwombolezea kwa utenzi mwanawe aliyefia vitani, mji mzima ukalia. Shebwana akaungua kwa wivu. Akalipuliza siwa la mji, baragumu la enzi, bila idhini, jini akatoka.

"Nipe utenzi wa kuliza kama wake!"

"Una gharama yake. Wautaka?"

"Nautaka!"

Jini alimuuliza mara tatu. Mjinga yule hakuuliza hata mara moja ni gharama gani.

Kesho yake akasifu vita tena, na mwanawe wa pekee akashika mkuki. Alirudishwa maiti. Shebwana akafumbua kinywa, utenzi ukamtoka, mji mzima ukalia.

Bi Mwanaesha alimsikiliza mpaka ubeti wa mwisho, wala hakumwonea wivu.