Msiba wa Uongo kwenye Ua wa Minyaa

Liko jambo, watoto wangu, ambalo sijapata kulifumbua mpaka leo: Kinyonga ana macho yanayotazama huku na huku kwa pamoja. Ilikuwaje basi asimwone mtoto akipumua?

Zamani hizo, wadudu walipokuwa na majirani na misiba kama sisi, Kinyonga aliutawala ua mmoja wa minyaa. Kila asubuhi alichagua nyumba, akala mmoja. Siku hiyo Mama Kifaurongo, mdudu mdogo kama punje ya mtama, akasikia hatua zake: nya... nya... nya...

Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, Tumu.

"Lala chali, mwanangu! Kunja miguu. Usitikisike!"

Kisha akapiga yowe. "Uwiii! Tumu wangu kafa!"

Kinyonga akachungulia chini ya jani la mtunguja. "Lo! Lini?"

"Sasa hivi, mzee wangu. Maziko yanamsubiri mjomba wake, yuko ua wa pili."

Katika ua ule, maiti akiwa ndani, hakuna aliyekula mpaka azikwe. Majirani wakaja. Nyenje akalia chiriii, chiriii, hadi sauti ikamkauka. Kinyonga akaona haya kula mbele ya wafiwa, akaketi. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, tumbo likamnguruma.

"Mjomba gani huyu? Hata mimi namshinda mwendo!" akafoka, akahamia ua mwingine moja kwa moja.

Tumu akaruka, tap! "Mama, njaa!"

Nyenje hakucheka. "Dada, siku tatu nimelia bila kula. Ungeninong'oneza."

"Ungejua, ungelia vile?"

Nyenje akajiendea zake.

Masika yakaja, Tumu akashikwa na homa. Asubuhi moja hakuamka.

"Uwiii! Tumu wangu!"

"Leo anamkimbia nani?" Panzi akacheka kutoka kwenye upupu.

Hakuja mtu. Mama akamfunika mwanawe kwa ua la mbigili, akaketi peke yake. Siku ya tatu Nyenje akapita, akaona sisimizi wamejipanga mstari kuelekea mlangoni. Akaingia.

"Dada..."

"Niliwaita," akasema Mama Kifaurongo.

Mjue basi, watoto: hata aliyewahi kudanganya hufiwa.

Nyenje akawaita majirani, wakakutana papo hapo, wala hakuna aliyemtupia mwenzake lawama. Wakaamua kwamba kilio kikisikika, watu waende kwanza, waulize baadaye. Na Tumu azikwe kabla jua halijazama. Nyenje ndiye aliyechimba kaburi.