Sifuri ya Anaeli

Mnanichosha. Mna vyeti ukutani, halafu mnamwita bibi aliyeishia darasa la pili aje awaambie jinsi ya kukaa na watu wenu. Maharage yangu yako motoni. Nitasema mara moja, na atakayesinzia asije kuniuliza.

Mtu mmoja alikuwa na tumbo lililoshonwa. Jina lake Kadeghe, mpasua mbao. Gogo lilimbana, madaktari wakampasua, wakamshona, wakamlaza chumba cha mahututi. Mashine ilimvutia pumzi, mpira ulimjaa kooni. Hakuweza kusema hata "maji."

Tumbo la namna hiyo huweza kuvimba kwa ndani. Likikaza, linabana figo, linabana mapafu, na mwenye nalo yuko kimya. Kwa hiyo daktari aliagiza lipimwe kila baada ya saa nne. Kazi yenyewe ni ya manesi. Wanamlaza mtu chali, kitanda kimenyooka. Wanaingiza maji kidogo kwenye kibofu kwa mpira wa mkojo, wanauinua mpira kando ya rula. Tumbo linakamua kibofu, maji yanapanda. Wanangoja pumzi itoke yote, ndipo wanasoma. Na sifuri ya rula lazima ikae usawa wa ubavu wa mgonjwa, juu tu ya mfupa wa nyonga. Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Ikianzia kwingine, ni uongo wenye namba.

Zamu ile ilikuwa ya Anaeli, nesi wa miaka ishirini na mbili kazini, mikono safi, ulimi mkali. Rula aliifunga kwenye stendi ya dripu, akabandika plasta penye sifuri ili asihangaike kutafuta kila mara. Saa mbili asubuhi alisoma sentimita kumi na sita. Akaandika. Kisha akakishusha kitanda shubiri nzima amfute mgonjwa bila kuumiza mgongo wake. Alipomaliza, kitanda kilibaki chini. Plasta ilibaki juu.

Saa sita akapima. Kumi.

"Linashuka," akasema, akatabasamu.

Nakunda, nesi mgeni aliyekuwa na miezi mitatu tu pale, alikuwa ameinama kwenye mfuko wa mkojo. "Dada Anaeli, mbona mkojo ni matone tu tangu saa nne?"

"Wewe hata viatu vyako vya kazi bado vinanuka duka, leo unanifundisha rula?"

Nakunda akanyamaza. Hapo na yeye mwekeni kwenye hesabu ya wakosaji.

Saa tisa waliruhusiwa ndugu. Namsifu, mke wa Kadeghe, aliweka kiganja juu ya shuka. Tumbo lilikuwa gumu kama mfuko wa saruji ulionyeshewa. "Nesi, tumbo hili silo la jana."

"Mama, hapa hatupimi kwa kiganja. Namba inashuka. Nenda kaombe."

Mwanamke akaenda kuomba. Mashine ya pumzi ikaanza kulia, ikazimwa mlio, ikalia tena. Mfuko wa mkojo haukuongezeka hata kijiko. Namba, lakini, ilikuwa nzuri. Watu wengi wamekufa wakiwa na namba nzuri.

Saa kumi Anaeli alipima tena. Kumi na sita. "Kama asubuhi tu," akasema, akaichukua kalamu.

Nakunda akaweka kidole kwenye mfupa wa nyonga ya Kadeghe. Akakipeleka kidole kile, usawa uleule, hadi kwenye stendi. Kiligusa chuma kitupu. Plasta ilikuwa juu yake, shubiri nzima.

Akauliza taratibu, "Dada, sifuri yako iko usawa wa nani?"

Nakunda aliifungua rula, akaishusha hadi alipolala mtu, akangoja pumzi itoke. Maji yakapanda, yakapita kumi na sita, yakapita ishirini, yakapita thelathini. Yakasimama thelathini na sita. Ndipo watu wakakimbia. Tumbo lilifunguliwa jioni ile ile, likaachwa wazi chini ya nailoni, lipumue. Mapafu yalirudi. Figo zilikuwa zimeshafunga duka.

Sasa nyie mnaoniangalia. Mna mke ndani, mna mkwe, mna mtoto mkubwa asiyesema. Mnampima kila siku, na mnaniambia, "Bibi, kwangu shwari." Huyo mtu alishashuka siku nyingi. Je, plasta yako umeibandika usawa wake, au usawa wako?

Kadeghe alizikwa siku ya sita. Anaeli hakufukuzwa, wakubwa walisema ni bahati mbaya, wakampa wiki moja apumzike. Lakini deni halikuwa la wakubwa. Alipanda mlimani kwa miguu hadi kwa Namsifu, akamkuta ameketi chini, kwenye mkeka wa msiba. Mwanamke yule hakumpa kiti, wala hakuinua uso. Ikambidi Anaeli apige magoti, kisha ainame, mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya mjane, na aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wakwe na majirani: "Tumbo uliligusa wewe ukalijua. Mimi nilipima pasipo na mtu."

Na alibaki hapo chini, maana hakuna aliyemwambia inuka.