Mwinyi Dubu na Donge la Udongo

Hodi, nina hadithi!

— Karibu nayo!

Ina kucha!

— Tutaishika mkia!

Basi fumbeni macho, wanangu, mwone. Ni nchi ya baridi, huko Uskoti, zamani za wafalme wenye panga. Vilima, ukungu, mvua ya rasharasha. Juu ya jabali pana ngome ya mawe, na ndani yake anakaa Mwinyi Dubu, mkubwa wa nchi yote baada ya mfalme.

Mwinyi Dubu alipenda ardhi kuliko asali. Na desturi ya huko ilikuwa hivi: ardhi haiwi yako mpaka mwenyewe akukabidhi donge la udongo mkononi, mbele ya mashahidi. Dubu akamwendea Paa. "Lete udongo!" Paa akatoa. Akamwendea Mbweha. "Lete udongo!" Mbweha akatoa. Kisha akawarudishia kila mmoja kipande kidogo cha kuishi, kwa sharti: piga goti, pokea donge. Maana sheria yake mwenyewe ilisema, apokeaye udongo kwa goti amekuwa mtu wa yule aliyempa. Atamlinda bwana wake huyo, wala hatamfukuza kamwe.

Siku moja, theluji ikikaribia, kishindo kikasikika: ti! ti! ti! Dubu huyo, kilimani kwa Mama Fuko, mchimba mashimo, pamoja na Kunguru mpiga mbiu na wanyama wote wa kushuhudia. Chini ya kilima walilala watoto wa Mama Fuko, wachanga, hata manyoya hawajaota.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Nataka kujenga mnara hapa. Lete udongo, uhame leo."

"Leo? Na watoto hawa, baridi yote hii?"

"Sikuja kulea. Lete udongo!"

Mama Fuko akazama shimoni. Kwaru, kwaru, kwaru. Akatokeza pua, na donge mikononi.

"Huu hapa, baba. Pokea."

Dubu akanyoosha mkono. Haukufika.

"Inua juu!"

"Nimeinua, baba. Kimo changu ndicho hiki. Inama kidogo."

Dubu akainama. Tumbo likamzuia.

"Kidogo tena, baba. Au nimpe Kunguru? Yeye hana tumbo."

"Ardhi yangu apewe Kunguru? Thubutu!"

Pu! Goti likagusa chini. Dubu akanyakua donge.

Kisha Kunguru akapanua mdomo, maana kazi yake ni kutangaza anachokiona.

"Kwaa! Mwinyi Dubu amepokea udongo kwa goti! Kwaa! Mwinyi Dubu ni mtu wa Mama Fuko!"

"Nyamaza, domo we!"

"Sheria ni yako, Mwinyi," akasema Paa, akitazama pembeni asicheke. "Na sote tumeona."

Dubu akawaza. Akiikana sheria ile, Paa naye hana bwana, wala Mbweha, wala yeyote.

"Inuka, mwanangu," akasema Mama Fuko, "usije ukaumwa magoti. Kaa hapo mlangoni, upepo unaingia."

Akakaa. Mgongo wake mpana ukaziba upepo wote, na mle chini watoto wakakoroma, koroo, koroo. Mama Fuko akashusha pumzi ndefu, akajilaza kati yao.

Hadithi imekwisha. Aliyesikia kashiba, aliyesinzia shauri yake.

Na funzo lake? Kuchezea udongo hakuna faida yoyote, tena kunachafua kucha. Tafadhali, wanangu, mkumbuke hilo moja tu.